Mkeka wa kura ya marudio

Shemeji yangu wa Muheza hubeti mpira kila Jumamosi. Ana daftari la kaunta ambalo upande mmoja ameandika madeni ya wateja wa duka lake la vipuri vya pikipiki, na upande wa pili mikeka yake ya kubeti. Uliochanika anaukata kwa kalamu nyekundu, uliotiki anauzungushia duara. Kurasa ni nyekundu zaidi kuliko duara, lakini haachi.

Mwezi uliopita, usiku, alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia feni na taarabu ya jirani. "Shem, nimeona watu wanaweka hela kwamba Uskoti watapiga kura tena ya kujitenga. Odi imenona. Sasa wewe uko hapo hapo Glasgow, basi unaendesha wewe, abiria unawasikia. Hii kitu itarudiwa au hairudiwi? Nipe ukweli niweke mkeka."

Niliusikiliza mara mbili. Mimi sibeti. Mama alinilea nikijua kwamba kamari ni haramu, na sijawahi kuona sababu ya kumpinga. Lakini swali lake lilinikaa kifuani, kwa sababu kura ile ya kwanza niliipiga kwa mkono wangu, na habari ya kurudiwa kwake nimeifuata kwa miaka kumi na moja kama mtu anayefuatilia kesi ya shamba la familia. Jibu lake halikutosha kwenye ujumbe wa sauti. Naliandika hapa.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kwetu "kura ya maoni" ni mzigo wa mambo matatu: ni kura ya wananchi wote kuamua jambo la nchi, ni utafiti wa kuwauliza watu elfu moja wanafikiri nini, na kwenye vyama ni ule mchujo wa kumpata mgombea. Hapa nikisema kura ya maoni nina maana ya ile ya kwanza tu. Ile ya pili nitaiita utafiti. Kuna watu wengi, wenye elimu na pesa, waliopoteza dau zao kwa kuyachanganya haya mawili, na sio kwamba walikosa neno la kuyatenganisha.

Septemba 18, 2014 ilikuwa Alhamisi. Nilitoka zamu ya alfajiri, sikubadili sare, nikaenda kituo cha kura kwenye shule ya msingi karibu na nyumbani. Walikuwa wameviweka vibanda ndani ya ukumbi ambao watoto hulia chakula. Viti vidogo vilipangwa ukutani, na juu yake kulikuwa na michoro ya majani ya vuli, kila jani lina jina la mtoto. Nilimpa karani kadi yangu. Alilitamka jina langu taratibu, silabi kwa silabi, ili asilikosee, kisha akanipa karatasi. Penseli ilikuwa imefungwa kwa kamba. Swali lilikuwa moja na fupi: je, Uskoti iwe nchi huru? Ndiyo, Hapana.

Wengi nyumbani hawaamini ninapowaambia kwamba nilipiga kura ile nikiwa na pasipoti ya Tanzania. Ndivyo sheria ilivyokuwa: raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uskoti kihalali alikuwa na haki sawa na mzaliwa. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya nao walipiga, na vijana wa miaka 16 na 17 pia. Waskoti waliozaliwa hapa lakini wanaishi London hawakupiga. Aliyeishi hapa ndiye aliyeulizwa. Sijasahau heshima ile hata leo.

Niliweka alama kwenye Hapana. Sitaki kulificha hilo, kwa sababu yote ninayoyasema baadaye yanaanzia hapo. Nilikuwa na kibali cha kuishi cha serikali ya London, mke na mtoto mdogo wameandikwa humo humo, na hakuna aliyeweza kuniambia kibali kile kitasimamaje nchi ikigawanyika. Halafu nililelewa kwenye nchi ya Muungano, Aprili 26 ni sikukuu, shuleni tuliimba. Neno "kuvunja" likikaa karibu na neno "muungano" mwili wangu husisimka kabla akili haijafanya kazi. Na tuliambiwa, tena kwa msisitizo, kwamba njia salama ya Uskoti kubaki ndani ya Umoja wa Ulaya ni kubaki ndani ya Uingereza.

Kwenye chumba cha mapumziko cha madereva tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu mzima, aliyebakisha miaka michache astaafu. Sweta lake lilikuwa na beji ya Ndiyo tangu kiangazi. Asubuhi ya kura alinionyesha risiti ya duka la kubeti: pauni 40, kwa Hapana. Nilidhani nimesoma vibaya. Akaniambia Ndiyo ikishinda, pauni 40 ni sadaka kwa nchi yake. Ikishindwa, angalau kuna kitu kitamrudia. Wanaobeti wanalijua hili, hata kwenye mpira: unaweka dau dhidi ya timu yako ili moyo usiumie bure. Ni bima ya moyo.

Risiti ile ndiyo iliyonifundisha kwamba odi ya siasa, yaani kiwango cha malipo ya dau, haisemi watu wanataka nini. Yule alikuwa kura moja ya Ndiyo na pauni 40 za Hapana.

Siku zile soko la dau halikutetereka sana. Septemba 7 utafiti wa YouGov ulitoka kwenye gazeti la Sunday Times ukionyesha Ndiyo inaongoza kwa 51 dhidi ya 49. London iliingiwa na baridi. Viongozi watatu wa vyama vikubwa, Cameron, Clegg na Miliband, wakatia saini ahadi kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Record kwamba Bunge la Uskoti litaongezewa madaraka. Lakini wenye maduka ya kubeti waliendelea kuipa Hapana nafasi kubwa. Betfair wakaanza kuwalipa walioweka Hapana kabla hata vituo havijafunguliwa. Na mteja mmoja wa William Hill aliweka jumla ya pauni 900,000 kwenye Hapana, akiwinda faida ya pauni 193,000 hivi.

Kwa asiyejua hesabu yake: hapa odi huandikwa kwa sehemu. Ukipewa moja kwa nne, unaweka pauni nne upate faida ya pauni moja. Maana yake mwenye duka anaona nafasi ya jambo hilo ni nne katika tano, asilimia 80. Tatu kwa moja ni asilimia 25. Ukijumlisha 80 na 25 unapata 105, na hiyo tano iliyozidi mia ndiyo unga wa mwenye duka. Shemeji analijua hili kwa uchungu wa daftari lake, ingawa huko kwetu odi huandikwa kwa desimali.

Sanduku la kwanza kutangazwa lilikuwa la Clackmannanshire, wilaya ndogo ambayo Ndiyo walikuwa wakiitumainia. Hapana asilimia 54. Hadi alfajiri mambo yalikuwa wazi: Hapana 2,001,926, Ndiyo 1,617,989. Asilimia 55 dhidi ya 45. Katika kila watu 100 walioandikishwa, karibu 85 walikwenda kupiga kura. Glasgow yangu ilisema Ndiyo, pamoja na Dundee na wilaya mbili nyingine. Siku hiyo niliendesha basi la kwanza. Watu walipanda bila kusalimia, na sio kawaida ya mji huu. Mama mmoja alikaa kiti cha mbele akilia kimya kimya hadi kituo cha hospitali. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioshinda, na nilimwangalia kwenye kioo nikiona aibu ambayo sikuwa na jina lake.

Aliyeileta kura ile, Alex Salmond, alikuwa mpenzi mkubwa wa mbio za farasi. Aliwahi kuandika safu ya gazeti akitabiri farasi wa kuwekewa dau. Alijua kupima. Chama chake cha SNP, kinachotaka Uskoti huru, kilipata viti 69 kati ya 129 mwaka 2011, kwa mfumo wa uchaguzi ambao ulibuniwa ili pasiwe na chama kimoja chenye wingi. Kwa ushindi ule Cameron, Waziri Mkuu wa Uingereza, hakuona pa kukatalia. Oktoba 15, 2012 walitia saini makubaliano Edinburgh, na Bunge la Uskoti likaazimwa mamlaka ya kuitisha kura moja kwa kutumia kifungu cha 30 cha Sheria ya Uskoti ya 1998. Liliazimwa, halikupewa. Mwisho wa 2014 mamlaka yale yalirudi yalikotoka. Hapo ndipo penye jibu la swali la shemeji, na ndipo wabashiri wengi walipopita bila kusimama.

Kisha ikaja Juni 23, 2016, kura ya Umoja wa Ulaya. Nilirudi kwenye ukumbi ule ule, safari hii michoro ilikuwa ya samaki. Nilipiga Kubaki. Rafiki yangu Mpolandi, fundi wa gereji yetu, ambaye mwaka 2014 tulipanga naye foleni, safari hii hakuruhusiwa. Mimi Mtanzania niliruhusiwa. Alinisindikiza hadi getini, akasubiri nje.

Usiku ule soko la dau liliipa Kubaki zaidi ya asilimia 80. Watu wa fedha walilala wakiwa na hakika. Saa sita na ushee usiku Sunderland ilitangaza: Kutoka asilimia 61. Kufikia asubuhi ilikuwa 51.9 kwa 48.1, tumetoka. Baadaye wenye maduka walieleza kilichotokea. Pesa nyingi ziliwekwa kwenye Kubaki. Lakini ukihesabu watu badala ya pauni, wengi walikuwa wameweka Kutoka, kwa vipesa vidogo vidogo. Mtu mmoja wa London aliyeweka maelfu aliisukuma odi kuliko watu mia waliokwenda duka la kona huko kaskazini na noti ya pauni tano. Kwenye sanduku la kura, wale mia wana kura mia. Hili ningependa lisomwe na kila anayeandika gazetini kwamba "soko linasema". Soko hulisikia dau.

Uskoti ilipiga Kubaki kwa asilimia 62, ikatolewa. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiikumbuka sababu yangu ya 2014. Niliambiwa Hapana ndiyo usalama wa Ulaya. Nilikuwa nimeweka alama kwa penseli yangu mwenyewe kwenye ahadi ambayo haikudumu miaka miwili. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu anayetaka kura ile irudiwe. Sijui kwa hakika ningepiga ipi. Nataka kuulizwa tena, maana nilichoulizwa mara ya kwanza hakipo tena.

Wengi walifikiri kama mimi, na kwa hiyo wabashiri wakaanza kuweka pesa: kura ya marudio itakuwa mwaka gani? Machi 2017 Bunge la Uskoti likapitisha kwa 69 dhidi ya 59 kuomba kibali. Waziri Mkuu Theresa May akajibu kwamba sasa si wakati wake. Januari 2020 aliyemfuata, Boris Johnson, akakataa kwa barua. Oktoba 2020 utafiti mmoja wa Ipsos MORI ulionyesha Ndiyo imefika 58. Mei 2021 vyama vinavyotaka uhuru vikashinda wingi wa viti bungeni. Ukitazama kwa macho ya mtu wa mpira, timu ilikuwa inashambulia kila dakika. Juni 28, 2022 Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi (cheo ambacho Wazanzibari wanakikumbuka), alisimama bungeni akataja tarehe kabisa: Oktoba 19, 2023. Na kwa kuwa alijua sheria ina utata, akapeleka swali Mahakama ya Juu.

Yule mwenzetu wa beji alikuwa ameshastaafu, lakini alipita gereji kunywa chai nasi. Alikuwa na risiti nyingine. Pauni 50, kwamba kura itafanyika kabla ya 2024 kuisha. Safari hii hakuweka bima, aliweka moyo wenyewe. Risiti aliibandika kwa sumaku kwenye friji ya chumba cha mapumziko, juu ya ratiba ya usafi, akasema ikae hapo sote tuione.

Novemba 23, 2022 asubuhi tulikuwa watu sita mbele ya simu ya kijana mmoja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maziwa. Jaji Lord Reed alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya bima. Majaji watano, kwa kauli moja: Bunge la Uskoti halina mamlaka ya kuitisha kura hiyo bila ridhaa ya London, hata kama kura yenyewe ni ya ushauri tu, kwa kuwa inagusa Muungano wa Uskoti na Uingereza, na Muungano ni jambo lililohifadhiwa kwa Bunge la Westminster. Ilichukua dakika chache. Hakuna aliyezungumza. Mmoja aliinuka akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Risiti ilibaki kwenye friji mpaka mwaka 2024 ukaisha. Hakuna aliyethubutu kuibandua.

Nimelifikiri sana kosa la dau lile, na si kwamba mzee hakujua siasa. Alijua kuliko mimi. Aliangalia utafiti, akaangalia viti, akaangalia umati barabarani, akaona jambo haliepukiki. Lakini dau la "nani atashinda kura" na dau la "kura itaitishwa lini" ni wanyama wawili tofauti. La kwanza linategemea watu milioni tatu na nusu. La pili linategemea mtu mmoja mwenye kalamu, Waziri Mkuu wa London, na mtu huyo hakuwa na sababu ya kuishika. Upande wake ulishinda mara ya kwanza. Aliyeshinda hana haraka ya marudio.

Angalia walikorudia. Denmark mwaka 1992 wananchi waliukataa mkataba wa Umoja wa Ulaya wa Maastricht kwa asilimia 50.7, mwaka uliofuata wakaulizwa tena, baada ya serikali kwenda kujadiliana ili nchi isifungwe na baadhi ya vipengele, wakakubali kwa 56.7. Ayalandi waliukataa mkataba mwingine wa Umoja huo, wa Nice, mwaka 2001, wakaukubali 2002. Wakaukataa wa Lisbon 2008, wakaukubali 2009. Kenya serikali ilishindwa kura ya katiba mwaka 2005, chungwa la Hapana likaibwaga ndizi ya Ndiyo, na baada ya damu ya 2007 na 2008 wakapiga tena Agosti 4, 2010, Ndiyo ikapita. Mazingira hayafanani, na la Kenya lina uchungu wake ambao sitaki kuupitia kwa haraka hapa. Ila kwa hesabu ya mbashiri yana kitu kimoja: pale serikali iliyoitaka Ndiyo ilipopata Hapana, funguo za marudio zilikuwa bado mezani kwake.

Sasa linganisha na wale waliotaka kura ya Umoja wa Ulaya irudiwe. Walijaa London kwa maelfu mengi Oktoba 2018, wakajaa tena Machi 2019. Ndani ya bunge, Machi 27, pendekezo la kuwarudishia wananchi uamuzi lilishindwa kwa kura 295 dhidi ya 268. Siku tano baadaye likarudi, likashindwa kwa 292 dhidi ya 280. Pengo la watu 12. Mtu angeweza kuona ni karibu, akaweka nyumba yake. Lakini serikali haikuwa upande huo, na kura zile hazikuilazimisha kufanya lolote hata zingepita. Nasi tunaotoka Tanzania neno "marudio" tunalijua vizuri. Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alifuta uchaguzi wa Zanzibar, ukarudiwa Machi 20, 2016 huku CUF wakisusia. Aliyeamua kwamba kuna marudio hakuwa mpiga kura.

Na jambo likishakuwa kichwani mwa watu wachache, dau lake huharibika. Mei 2024 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliitisha uchaguzi wa Julai, wengi wakitegemea vuli. Baadaye ikajulikana kwamba msaidizi wake wa bungeni alikuwa ameweka pauni 100 kwamba uchaguzi utakuwa Julai, siku tatu kabla ya tangazo, kwa odi ya tano kwa moja. Mwenyewe alikiri kuweka dau na akaomba radhi. Wengine wakachunguzwa, na Aprili 2025 Tume ya Kamari ikatangaza mashtaka dhidi ya watu 15. Mahakama ndiyo itasema nani ana hatia. Lakini mimi nilimfikiria shemeji. Ukiweka dau la Simba na Yanga, hata kocha hajui matokeo. Ukiweka dau la tarehe, upande wa pili wa meza anaweza kuwa ameketi mtu anayeijua tarehe.

Kuna na hili la muda, ambalo halisemwi kwenye matangazo yanayowaka kwenye vioo vya maduka ninayoyapita kila siku na basi langu. Mkeka wa mpira unachanika Jumapili, Jumatatu unakula wali wako. Mkeka wa kura ya marudio unashikilia pesa yako miaka miwili, mitatu, minne. Pauni 50 za mzee zilikaa kwenye sanduku la mtu mwingine huku gesi ikipanda bei na yeye akivaa makoti mawili sebuleni. Hilo najua kwa sababu nilimtembelea.

Basi kura itarudiwa? Sturgeon alitangaza kujiuzulu Februari 2023. Akaja Humza Yousaf, ambaye mama yake alizaliwa Kenya, akadumu mwaka mmoja. Akaja John Swinney. Uchaguzi wa Uingereza wa Julai 4, 2024 ulikifyeka chama chao kutoka viti 48 hadi 9. Ungetegemea utafiti wa Ndiyo uanguke nacho, lakini haukuanguka. Umeendelea kuzunguka pale pale, nusu kwa nusu, wakati mwingine chini kidogo. Chama kinapanda na kushuka, ile nusu ya watu ipo. Mwaka 2025 Swinney ameweka kigezo: SNP ikipata viti 65 peke yake kwenye uchaguzi wa Bunge la Uskoti wa Mei 2026, itadai kura kwa mfano wa 2011. Keir Starmer na serikali yake wamesema hapana. Naandika haya mwishoni mwa 2025, na kwa maoni yangu hata viti 65 vikipatikana, kalamu itabaki mezani. Ule mfano wa 2011 ulitegemea Waziri Mkuu aliyeamini atashinda kwa mbali. Hakuna atakayeamini hivyo tena kwa utafiti wa nusu kwa nusu.

Kinachoniudhi, na naomba niliseme bila kupunguza, ni kwamba jambo hili lingeweza kuandikwa. Ng'ambo ya maji, Ireland ya Kaskazini, limeandikwa. Sheria yao ya 1998, iliyozaliwa na makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu, inasema waziri anayehusika lazima aitishe kura ya kuungana na Ayalandi pale atakapoona kuna uwezekano kwamba wengi wataunga mkono, na baina ya kura moja na nyingine ipite angalau miaka saba. Hata hilo la "atakapoona" lina mwanya, nalikubali. Lakini mtu ana mlango anaoujua uko wapi. Mskoti hana mlango. Ana ukuta, na anaambiwa ukuta huo ni wa hiari. Miaka saba kutoka 2014 ilikwisha 2021. Watoto wa yale majani ya vuli ukutani sasa ni wapiga kura. Mmoja wao ni binti yangu, alianza darasa la kwanza mwaka ule ule, na sasa hupita na mimi kwenye foleni akiniuliza kwa nini kura yangu ya penseli imfunge yeye. Sijapata jibu la kumpa, na sidhani London wanalo.

Nilimjibu shemeji kwa ufupi. Usiweke. Pesa yako itakaa miaka, na anayeamua wala hakujui wala haogopi daftari lako.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaandika: "Sawa shem nimekuelewa. Na ile yetu ya katiba, wewe ungeipa ngapi?"

Nililazimika kuegesha basi mwisho wa njia kwanza. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2, 2014, wiki mbili kamili baada ya mimi kupiga kura ya Waskoti. Wananchi walikuwa waipigie kura ya maoni Aprili 30, 2015. Mapema mwezi ule Tume ya Uchaguzi ikaahirisha kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika. Miaka kumi imepita. Nchi ya watu nimeulizwa mara mbili mustakabali wake. Ya kwetu haijapata hata hiyo ya kwanza ambayo mtu angedai irudiwe, na ikiitishwa kesho, mimi niliye nje sitakuwa na sanduku la kutumbukiza karatasi.

Nilimwambia kwamba hiyo simpi odi. Nikamwuliza kama bado anayo ile nakala waliyogawiwa, maana yangu niliiacha kabatini kwa mama, nikija Julai tukae barazani tuisome yote, ibara kwa ibara.

Akanitumia picha. Iko chini ya kaunta, karibu na daftari la mikeka. Jalada halipo, na kurasa za mwanzo zimekwisha, amezifungia wateja boliti na nati. Nimemwomba zilizobaki asizichane.